Kura Moja Iliyoharibika Nsemulwa

Mwaka ule vyama vingi vilipoanza, mimi nami nikajitosa kugombea udiwani Nsemulwa. Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba, na mpinzani wangu alikuwa Mzee Masanja, mfugaji aliyejifunza kusoma ukubwani. Kampeni zangu zote zilikuwa kumcheka.

"Mtu anashika kalamu kama fimbo ya ng'ombe," niliwaambia watu, "atawasomea nini kule halmashauri?"

Watu walicheka mpaka machozi, nami nikajiona nimeshapita.

Siku ya kura nilipanga foleni nimevaa suti ya harusi yangu. Nilipiga kura kwa madaha, nikatoka natabasamu kama diwani kamili.

Kura zilipohesabiwa, mimi na Masanja tulilingana. Ilibaki moja tu, na msimamizi akasema imeharibika.

"Ni ya mfuasi wake huyo!" nikaropoka mbele ya watu waliojaa mlangoni. "Ionyesheni, muone nyie wenyewe ujinga unavyogharimu!"

Msimamizi alisita. Nikang'ang'ania. Akaiinua juu. Alama ya vema ilikuwa mbele ya jina langu, na pembeni yake kulikuwa na sahihi ndefu yenye mkia wa kuzunguka.

Miaka kumi na tano ya kusahihisha ilikuwa imeufundisha mkono wangu kwamba ukishaweka vema, unasaini.

Mzee Masanja akaisogelea ile karatasi, akaitazama taratibu.

"Mwalimu," akauliza kwa upole, "hii si ndiyo sahihi unayoweka kwenye madaftari ya wajukuu zangu?"