Nani Ana Sukari?

Neno lililonisumbua kuliko yote Garissa halikuwa la Kisomali. Lilikuwa la Kiswahili, lugha yangu ya kazi, neno ambalo hata mtoto wa kutambaa analijua: sukari.

Nilikuwa mkunga kijana, mtu wa Kitui, nimepelekwa kwenye kliniki ndogo ya akina mama, kibanda cha mabati nyuma ya soko la mifugo. Vita vya mashifta, waasi waliojificha porini, vilikuwa vimepamba moto. Wafugaji walikuwa wamekusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba, askari langoni, na jua likishuka hakuna kutoka. Sukari iliuzwa kwa kipimo, na aliyekutwa na ya ziada aliulizwa anampelekea nani porini. Watu walijifunza kutolitaja neno lenyewe mbele ya mtu mwenye bunduki.

Hayo hakuna aliyekuwa amenieleza siku alipoletwa yule mwanamke.

Alikuja na mama mkwe wake, wanawake wawili warefu, mmoja hasemi na mwingine anasema kwa niaba ya wote. Mimba ilikuwa ya nne. Zile tatu za kwanza zilimpa watoto wakubwa, wanene, wazuri, na wote watatu walitoka wakiwa wamekufa. Mama mkwe alinionyesha ukubwa wao kwa kutanua mikono, kisha akaiacha mikono wazi hivyo hivyo, haina kitu. Nyumbani watu walikuwa wameanza kusema mwanawe aoe mwingine.

Nilichukua mkojo, nikauchemsha na ile dawa ya buluu ya kupimia ugonjwa wa sukari, juu ya taa ya spiriti. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, kisha ikatulia kwenye wekundu wa tofali. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Adui uliyemjua jina, nusu ya vita umeshinda. Nikageuka na chupa yangu mkononi, na mimi sauti yangu si ya kunong'ona, nikasema, "Mama, una sukari! Una sukari nyingi sana!"

Askari aliyewasindikiza kutoka kijijini akageuza kichwa mlangoni.

Yule asiyesema akasema. "Wallahi habana! Nyumba yangu askari nafungua yote, mbaka mkeka nainua. Sukari hakuna!" Akajifunga shuka yake, akamshika mama mkwe mkono, wakaondoka. Nikabaki na chupa yangu nyekundu.

Mhudumu wetu, mwanamke wa hapo Garissa aliyefagia kliniki na kunitafsiria, alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akanieleza maana ya nilichosema. Nilikasirika. Niliikasirikia vita, nikaikasirikia sukari, nikamkasirikia na askari kwa kuwa na masikio. Kesho yake asubuhi nikamchukua mhudumu, tukaenda kijijini kwa miguu.

Wanawake walitukusanyikia mbele ya nyumba. Mhudumu akawaeleza kwamba sukari ya yule dada haiko nyumbani, iko kwenye mkojo, na ndiyo iliyowaua wale watoto. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema hao mashifta kweli ni hodari, wamepata mahali pa kuficha ambapo askari hapekui. Hata mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha.

Mama mkwe ndiye aliyekatiza. Hakucheka tangu mwanzo. Alituita nyuma ya nyumba, akatuonyesha mchanga pale mkaza mwanawe alipokuwa akijisaidia. Sisimizi walikuwa wamejaa hapo kama kwenye tende iliyoanguka. "Mimi naona hii siku mingi," akasema. "Nadhani ni uchawi." Hakuna tena aliyecheka, na kuanzia hapo aliniita "binti yangu".

Lakini kuniita binti hakukumzuia kugombana nami. Nilipomwambia kwamba mgonjwa asiguse chai yenye sukari, alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Kwao chai ya mwanamke aliyeolewa hutiwa sukari mpaka kijiko kisimame. Ukimpa mkaza mwana chai kavu, isiyo na sukari, maana yake unamwambia arudi kwa baba yake. "Wewe nataka watu naseme mimi nachukia mtoto ya watu?" akauliza. Nami nikamwuliza kama anataka mjukuu ama anataka sifa. Tulipandishiana sauti pale hadi mbuzi wakasogea. Mwishowe tukapatana: maziwa machachu, nyama, wali kidogo, na chai kavu inywewe ndani ya nyumba, mkeka umeteremshwa, majirani wasione.

Halafu ikaja dawa, insulini ya kudungwa kila asubuhi na jioni. Mama mkwe aliniuliza imetoka kwa mnyama gani, maana alisikia nyingine hutoka kwa nguruwe. Nikarudi kliniki kusoma chupa, nikamletea jibu: ng'ombe. "Ya ng'ombe fisuri," akasema, akajipa kiburi kidogo, kana kwamba ng'ombe mwenyewe alitoka zizini kwake. Chupa tuliitia kwenye kopo, kopo tukaliacha lielee ndani ya mtungi wa maji kivulini, kwa kuwa joto la Garissa lingeiharibu.

Ikabaki sindano ya jioni. Asubuhi angeweza kuja kliniki, lakini jioni lango limefungwa. Daktari aliyetutembelea na msafara wa magari alitikisa kichwa, akasema hawa watu wa porini hawawezi kujidunga wenyewe, tusijisumbue. Hapo hasira zangu, ambazo huwa karibu siku zote, zilitoka zote. Nikamwambia mwanamke huyu ameijenga nyumba yake kwa mikono, ameshona mikeka yake, anaivunja na kuipakia juu ya ngamia na kuijenga tena kwingine, na wewe unaniambia hawezi kushika sindano? Daktari akaniambia nifanye nipendavyo. Nilifanya.

Tulijifunzia kwenye mapapai ya mashamba ya mtoni. Papai la kwanza alilichoma kwa nguvu mpaka juisi ikaturukia usoni. Baadaye mkono ukatulia. Siku alipojidunga paja lake mwenyewe, alinitazama wakati wote, hakutazama sindano, kisha akasema, "Kumbe ni hii tu?" Ningeweza kumbeba mgongoni tukazunguka soko.

Wiki baada ya wiki chupa ilibadilika. Wekundu ukawa manjano, manjano ikawa kijani. Kisha asubuhi moja nilichemsha, nikangoja, na buluu ikabaki buluu. Nilipiga vigelegele peke yangu mle kibandani. Mgonjwa wangu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akauliza kwa sauti kubwa, makusudi, askari asikie, "Sista, sukari iko?"

"Sukari hakuna!" nikajibu.

Ukawa ndio mchezo wetu. Askari alitutazama kama vichaa.

Watoto wa ugonjwa huu hufia tumboni mwishoni, kwa hiyo hatukungoja mwezi wa mwisho uishe. Tulimlaza kliniki, tukamwanzishia uchungu alfajiri. Mchana, joto la kupasua mabati, akazaa msichana. Alikuwa mnene, na alilia. Mama mkwe aliposikia ile sauti alikaa chini pale pale alipokuwa, akafunika uso kwa shuka.

Nilifurahi kabla ya wakati. Haikupita muda mtoto akaanza kutetemeka vidole. Kilio kikawa chembamba, kikakatika, midomo ikaingia weusi. Hilo nilikuwa nimelisoma: mtoto aliyezoea sukari ya mama yake, kitovu kikikatwa, sukari yake mwenyewe huporomoka ghafla. Miezi yote nilipigana na sukari, na sasa bila sukari mtoto angekufa mikononi mwangu. Nilimweka kwenye ziwa, hakuwa na nguvu ya kunyonya. Nikafungua kabati la glukosi. Tupu. Msafara ulikuwa umekwama huko njia ya Thika.

Nikatoka nje mbio. Uani walijaa wanawake wa kijiji waliokuja kungoja habari, na askari wawili waliowasindikiza wakiwa wameegemea ukuta.

"Nani ana sukari?"

Wote waliinamisha macho.

"Jamani, nani ana sukari! Mtoto anakufa!"

Mama mkwe akasimama. Aliwatazama wale askari kwanza, mmoja, kisha mwingine. Halafu akaivuta ncha ya shuka yake kutoka kiunoni, akaanza kulifungua fundo. Lilikuwa fundo juu ya fundo. Ndani yake kulikuwa na sukari ya kujaza viganja viwili, imeshikana mabonge, inanukia ubani wa nguo zake.

"Mimi iko," akasema. "Hii ni ya yeye. Kila siku kijiko yake wewe nakatasa, mimi naweka. Nilisema, siku mtoto nasaliwa, watu nakunywa chai."

Mmoja wa askari aliitazama ile sukari, akanitazama mimi, kisha akageuka akatazama upande wa mbuzi. Mwenzake naye akageuka. Sijui walikuwa watu wa wapi, lakini niliwaombea dua siku ile na bado nawaombea.

Niliikoroga katika maji yaliyochemshwa na kupoa, nikamtia mtoto mdomoni tone kwa tone kwa ncha ya kijiko. Mama yake alikuwa ameushika mguu wake mdogo. Tone. Tone. Vidole vikaacha kutetemeka. Midomo ikarudi rangi. Kisha binti yule akakunja uso kwa hasira, na mimi hasira nazijua, akapiga ukelele uliotoka hadi uani. Nilimrudisha kwenye ziwa, na safari hii alilishika kama anadai haki yake.

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena popote. Akiba haiozi, walisema wazee wetu, nami nilikuwa nimeisikia methali ile maisha yangu yote bila kuionja.

Mama mkwe aliomba birika la kliniki. Sukari iliyobaki aliimwaga yote ndani, mbele ya macho ya kila mtu, na vikombe vya kwanza akawapelekea askari. Kisha akamimina kingine kutoka sufuria ndogo aliyoichemsha kando, akamletea mkaza mwanawe kitandani, mlango ukiwa wazi na majirani wote wakiona.

Mwanamke yule alionja, akatabasamu, akaniuliza, "Sista, sukari iko?"

"Iko," nikamwambia, "lakini si kwenye kikombe chako."

Akainywa chai yake kavu yote, mtoto akinyonya.