Wimbo wa Mtu wa Juu

Mkinikatiza nitanyamaza, na mtabaki hivyo hivyo bila kujua Were alikuwa mtu gani. Mimi Rael ndiye niliyewauzia wafanyakazi uji kule kwenye mteremko, upande huu wa Kangemi, wakati matajiri walipoanza kutaka nyumba za kutazama bonde. Were alichimba misingi. Alitoka kwetu, Bunyore, mwanamume mwembamba, maneno machache, hasira karibu.

Kuchimba msingi kwenye mteremko si mchezo. Unakata kilima, udongo mwekundu unasimama juu ya kichwa chako kama ukuta, na mvua ikishanyesha unapasuka polepole kule juu ambako mchimbaji haoni. Mbao za kuuzuia zilikuwako, lakini kontrakta alizihifadhi kwa ajili ya dari za nyumba. Kwa hiyo wachimbaji walikuwa na desturi yao. Mmoja anashuka, mwenzake anasimama juu akitazama ardhi, na anaimba bila kupumzika. Wa chini hainui kichwa, anachimba tu. Wimbo ukikatika, anatupa sururu na kuruka nje, hata haulizi. Kupiga kelele kunachelewa, maana mtu akishtuka mdomo hukauka kwanza.

Mtu wa juu wa Were alikuwa Mungai, Mkikuyu wa Mutuini. Heh, huyo! Nyimbo za kanisa alizichanganya na matusi juu ya uji wangu. "Uji ya Rael ni maji ya kuosha sufuria, haleluya!" Siku moja nilimrushia mwiko. Lakini asipoimba, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kugeuka kumtazama. Zaidi ya mara moja wimbo ulikatika, Were akaruka, na udongo ukajaa pale alipokuwa amesimama. Were hakuwa mtu wa kusema asante. Alikuwa akija kwangu na kusema, "Mpe Mungai kwanza." Basi, hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Halafu ukaja mwaka wa hamsini na nne. Askari waliuzunguka mji, Wakikuyu wakapakiwa kwenye malori kupelekwa kizuizini. Mungai alichukuliwa akiwa na kikombe changu mkononi. Were alimfuata askari mpaka barabarani. "Afande, huyo ni mtu wangu wa juu. Mimi nitachimba na nani?" Alipigwa kitako cha bunduki begani. Kikombe nilikiokota kwenye matope, na Mungai akaenda.

Miaka ile Were aliishi kama mtu aliyefiwa ambaye hana kaburi la kwenda kulitembelea. Kontrakta alimpa watu wengine wa juu. Mmoja alikwenda kuvuta sigara na mtu yuko shimoni. Mwingine, Nzomo, aliimba vizuri, lakini macho yake yalikuwa kwa wasichana barabarani. Were aliwafukuza wote akachimba peke yake. Anapiga sururu kidogo, anapanda kutazama ardhi, anashuka tena. Kontrakta alipofoka kwamba kazi haiendi, alijibiwa, "Basi leta mbao, ama ushuke wewe." Mbao zikaletwa, tena zile mbovu. Mchana Were alikula peke yake, amekaa upande mmoja wa gogo, ule mwingine ameuacha. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

"Were, wee! Utaoa shimo? Ongea na watu!"

"Rael," akasema, "mimi siogopi udongo. Naogopa hii kimya ya hapo juu."

Niliosha vikombe.

Mungai alirudi mwaka wa hamsini na tisa, mvua ya masika ikianza. Nilimjua kwa masikio yake tu, mwili ulikuwa umeisha. Were alitupa sururu akamkumbatia, na sijawahi kumwona akimkumbatia mtu mwingine yeyote. Mungai alisimama tu, mikono ikining'inia. Nilimpa uji nikangoja anitukane. Alikunywa, akarudisha kikombe. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia.

Kesho yake Were alishuka, Mungai akasimama juu. Kimya. Were akaruka nje. Akamtazama mwenzake, akashuka tena. Kimya. Akaruka tena. Watu wakaanza kucheka, nikawafokea wakanyamaza.

"Imba, ndugu yangu," Were akamwambia. "Hata ile ya uji."

"Iliisha," Mungai akasema. "Huko iliisha."

Kontrakta akasema huyo hafai, aende zake. Ndipo Mungai akaichukua sururu mkononi mwa Were. "Acha nishuke mimi. Udongo ukija, uje."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Were naye aliyasikia. Hakubishana. Alipanda akasimama mahali pa mtu wa juu, akaikazia macho ardhi, na yeye ambaye hata kanisani hakuimba akafungua mdomo: "Uji ya Rael ni maji ya kuosha sufuria..." Sauti mbaya, Mungu wangu! Kama mlango wa bati. Hakuna aliyecheka.

Mungai hakuitikia, hakuinua kichwa. Alipiga sururu polepole, kama mtu asiyengoja kitu. Were akaimba, akarudia, akaimba tena mpaka koo likamkauka. Akakohoa. Wimbo ukakatika.

Tulisikia sururu ikianguka. Mungai alikuwa ameshatoka, yuko kwenye nyasi kwa mikono na magoti, macho wazi, anahema, anamtafuta Were. Udongo ulikuwa umesimama pale pale. Hakuna kilichoanguka.

Were akapiga magoti kando yake akalia, mtu mzima, mbele ya watu wote. "Kumbe bado unataka kuishi," akamwambia. "Kumbe bado unataka."

Mungai alilishika shati la Were kwa mikono yote miwili. Nikawaletea uji.

"Mpe Mungai kwanza," Were akasema.