Daftari la Nani Anajua Nini

Ukimwuliza barua ya mwaka wowote, hakuanza kupekua rejesta. Aliinuka, akapiga hatua tano, akanyoosha mkono kwenye rafu, na jalada hilo likawa mkononi. Ndiyo maana watu wa Ofisi ya Barabara, alikokuwa karani wa masijala kwa miaka ishirini na miwili, walimwita Mama Jalada. Jina lake la kwenye vyeti lilibaki kwenye vyeti.

Waraka ulipokuja, aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Ofisi tatu za serikali zilizopangana mtaa mmoja, yaani Barabara, Ardhi na Hospitali, zingekuwa na masijala moja, na wataalamu wao wangeazimana badala ya kila ofisi kuhangaika peke yake. Masijala hiyo ingekaa Barabara, kwa sababu chumba chao ndicho kikubwa. Mkuu wake angekuwa yeye.

Furaha ilimpanda, ikakatika hapo hapo alipokumbuka nani alikuwa karani wa Ardhi. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

"Yaani nimeshika funguo hizi miaka kumi na tisa, leo nikukabidhi wewe?" wifi alimwuliza siku ya kuhamisha majalada.

"Hunikabidhi mimi, wifi. Tunakabidhiana sote."

"Maneno matamu hayo. Ndiyo hayo hayo uliyomnasia kaka yangu."

Majalada yalihama, meza ya wifi ikahama, wifi mwenyewe akahama huku amenuna. Lakini kabati moja la chuma, lenye hati za zamani za viwanja, lilikuja limefungwa, na ufunguo ulibaki kwenye pochi yake. Jioni mume, fundi seremala mpenda amani, aliposikia malalamiko ya pande zote mbili alisema, "Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kuhusu mke na dada wa mtu methali haikusema kitu, kwa hiyo jaribuni tu." Kisha akarudi kupiga randa mbao zake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga majalada ya watumishi wa ofisi zote tatu. Ni kazi ya kuchosha, lakini Mama Jalada alianza kuona mambo. Mpokea simu wa Hospitali alisomea lugha ya alama, na hakuna daktari aliyelijua hilo. Mtunza stoo wa Barabara alikuwa na cheti cha kutengeneza kompyuta, wakati kompyuta mbili za Ardhi zilikuwa zimefunikwa kitambaa kama marehemu. Na dereva wa Ardhi, mzee waliyemwita Kimya kwa sababu salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa, alikuwa amefanya kazi miaka tisa na wachimbaji wa visima, akifunga na kutengeneza pampu, kabla hajaajiriwa kuendesha gari.

Alikuwa kama mtu aliyefungua sanduku la kanga akakuta mkufu wa dhahabu. Akachukua daftari kubwa, akaandika juu yake: NANI ANAJUA NINI. Kila jalada alilolifungua, alijaza mstari. Ilifika mahali akawa anaruka chakula cha mchana.

"Unaandika umbea wa serikali?" wifi alimwuliza akichungulia.

"Naandika mali yetu, wifi. Tumeikalia kama kuku wa mayai viza."

Wifi aliguna, lakini aliusoma ukurasa mzima kabla hajaondoka.

Wiki ya tatu, saa tatu asubuhi, katibu wa Hospitali aliingia masijala anahema. Pampu ya kisima ilikuwa imegoma tangu alfajiri, na tangi limebaki na maji ya kidole. Chumba cha upasuaji kimefungwa. Wodi ya wazazi ina akina mama kumi na wanne, na wakunga wananawa kwa kikombe.

"Niandikieni barua ya haraka makao makuu, watuletee fundi," alisema.

"Fundi wa makao makuu atafika lini?"

"Mara ya mwisho alichukua siku kumi na mbili."

Mama Jalada hakushika kalamu. Alishika daftari. "Kimya yuko wapi?"

"Dereva wangu?" Wifi alisimama. "Bosi ana safari saa nne. Na tangu lini dereva akatengeneza pampu?"

"Tangu kabla hujamjua. Soma mwenyewe."

Wifi akasoma. Kisha akatoka mbio, viatu mkononi, na dakika mbili baadaye sauti yake ilisikika uani ikimwambia bosi wake kwamba safari ya leo itasubiri, wagonjwa hawasubiri.

Mama Jalada, wifi na katibu walipofika Hospitali, walimkuta Kimya ameshatangulia, ameinama mbele ya boksi la umeme la kisima, sikio ukutani. Aliwasha swichi, akasikiliza mngurumo, akazima. Akafungua boksi, akanusa. Halafu akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema ofisini kwa mwezi.

"Pampu haijafa. Inataka kuzunguka, inakosa nguvu ya kuanzia. Kapasita, kile kifaa kinachoipa nguvu hiyo, imeungua. Lakini maandishi yake yameungua nayo, na kibandiko cha boksi kimefutika. Nikifunga isiyolingana, naichoma pampu yenyewe. Lazima nijue ni pampu ya ukubwa gani."

"Nani anajua?" katibu aliuliza.

Mama Jalada alihisi matumaini yanamteleza vidoleni. Ndipo wifi akapiga kofi pajani.

"Kisima hiki kilichimbwa mwaka ule kiwanja cha Hospitali kilipopimwa! Mchimbaji aliacha karatasi zake Ardhi. Niliziweka mimi mwenyewe, kwenye kabati langu!"

Wanawake wawili wa umri wa kuheshimiwa walikimbia mtaani mchana kweupe, mmoja ameshika ushungi, mwingine ameshika pochi, na wapita njia wakawapisha. Ufunguo uligoma mara mbili. Kabati likafunguka. Jalada la nne kutoka chini, karatasi ya mwisho: aina ya pampu, nguvu yake, na kipimo cha kapasita kwa wino wa bluu.

"Wifi, wewe ni hazina!" Mama Jalada alipiga kelele.

"Nilikwambia miaka kumi na tisa si mchezo. Piga simu karakana ya Barabara!"

Mtunza stoo wa Barabara alikuwa na kapasita ya kipimo hicho hicho, ya mashine yao ya kujazia matairi upepo. Aliileta mwenyewe kwa baiskeli. Kimya aliifunga, akakaza skrubu, akawasha.

Pampu ilikohoa. Ikanguruma. Bomba la tangi likatetemeka, likatema hewa, likatema matope, kisha maji safi yakapiga ukuta wa tangi kwa kishindo. Wodi ya wazazi ililipuka kwa vigelegele. Mkunga mmoja alitoka na ndoo anacheza. Wifi alimkumbatia Mama Jalada mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi.

Saa sita upasuaji ulianza. Saa nane mtoto wa kiume alizaliwa salama kwa kisu.

Mwezi huo wakuu wa ofisi tatu walikaa pamoja. Kimya alipangiwa siku mbili kila wiki za kukagua mitambo ya maji, kwa barua yenye muhuri. Mtunza stoo alifufua kompyuta za Ardhi. Mpokea simu akaanza kukaa na daktari kila anapokuja mgonjwa asiyesikia. Na daftari likakabidhiwa kwa wifi, mtunzaji rasmi, ambaye sasa anawahoji watumishi wapya kwa ukali wa mama mkwe: "Na kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini? Usinifiche."

Jioni ya siku ile ya kisima, wifi alikuja nyumbani kwa kaka yake kusimulia. Kwa maelezo yake maji yaliruka mpaka juu ya paa, na mbio zao zilichukua nusu dakika. Seremala alimgeukia mkewe. "Ni kweli?"

"Kila neno," alisema Mama Jalada.