Kaa wa Mwezi wa Saba

Msimu mzima wa mvua niliamini kwamba ndani ya tumbo langu amelala kaa. Kaa mwenyewe, wa gamba na makucha, tangu siku niliyozaliwa. Na niliamini kwamba siku nitakapovuka mto Nyamukau atanusa maji, ataamka, na atanikata matumbo kama fundi wa cherehani anavyokata kitambaa.

Msinicheke kwanza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa msomi mkubwa: nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na kwa maoni yangu hakukuwa na mtu toka Bunia hadi Kisangani wa kunishinda Kifaransa. Mwenzangu wa darasa alipata gazeti la picha kutoka Ulaya, lenye ukurasa wa nyota. Akaniuliza mwezi wa kuzaliwa. Wa saba, nikajibu. Akaweka kidole juu ya picha ya kaa. Chini yake paliandikwa Cancer.

Tukatazamana. Juma lile tulikuwa tumezika jirani, na munganga wa hospitali alikuwa ametaja kilichomuua: cancer, yaani saratani.

"Citoyen," akasema polepole, maana siku zile sote tuliitana raia, "weye iko na ile kitu."

"Gazeti inasema nini tena?"

"Inasema juma hii mujihazari na maji. Si unaona? Kaa iko mutu ya maji. Akisikia mto, anaamuka."

Habari ilienea mjini haraka kuliko moto wa majani. Kufika sokoni, kaa wangu alikuwa amekwisha kuzaa.

Shida ni kwamba mchumba wangu alikaa Mudzipela, ng'ambo ya mto. Baba yake, mchuuzi aliyehamia toka Butembo, alikubali nije na wazee wangu kujitambulisha. Nikaahirisha. Nikaahirisha tena. Na mwanaume mwingine, mwenye pikipiki, akaanza kupita pale kusalimia.

Nikamkimbilia mama yangu mkubwa. Yeye alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Mahagi, na alijua anga kama jiko lake. Kilimia, lile kundi la nyota, kikionekana, alijua shamba linangoja jembe. Giza la mwezi lilikuwa la kuvua samaki. Mambo ya ndoa yalikuwa ya mwezi unaokua tu: "Mwezi ikikonda, na ndoa inakonda." Nilitumaini anga lake litalipiga mweleka anga la gazeti.

"Nyota ya muzungu sijue," akasema. "Yangu inaambia watu wote: mupande, muvue, muoe. Haijue jina ya mutu. Ile yako ilikuita weye peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi iko mambo yako."

Hapo ndipo nilipofungwa. Mwezi ukikonda, mama mkubwa, mzee wangu wa kuniposea, hatoki nyumbani. Mwezi ukikua, kaa ananingoja mtoni. Mlango wa anga la mama mkubwa angalau ulifunguka na kufungika kila mwezi, nasi wote tulifungiwa pamoja, tukacheka pamoja. Wa gazeti ulinifungia peke yangu. Tena lile gazeti halikuja tena Bunia, kwa hiyo juma la kujihadhari halikuisha. Nani angeniambia limeisha?

Kila siku nilishuka hadi kwenye daraja nikasimama. Maji yale hayakutosha kuosha sahani za harusi, lakini mimi niliona bahari. Tumbo likinguruma, narudi mbio.

"Ule kaa yako, mulinde vizuri!" akina mama wa soko wakanipigia kelele. "Asitoke bila nguo!"

Asubuhi moja, mwezi ungali unakua, mama mkubwa alivaa kikwembe chake kizuri akakaa mlangoni kuningoja. Nikashuka mtoni, nikakwama palepale pa siku zote. Mchumba wangu akavuka daraja, beseni kichwani, akasimama mbele yangu.

"Baba anauliza: ule citoyen iko na miguu?"

"Iko."

"Siku ya Mungu ule wa pikipiki atakuja na wazee yake. Baba anasema, kama haukuje leo, atawapokea."

Nikamweleza yote: picha, jirani tuliyemzika, juma lisiloisha. Alitua beseni chini. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Miye nilizaliwa mwezi ya ngapi?"

"Sijue."

"Ya saba. Na kila siku ninavuka hii maji, kwenda na kurudia." Akajifunga kitambaa upya kiunoni. "Ile cancer ya gazeti iko jina ya nyota. Ile ya hospitali iko ugonjwa. Jina moja, vitu mbili. Mu tumbo yako hamuna kaa. Enda uite mama yako mukubwa."