Mchoro Uliompeleka Machuki Ogwedhi

Zablon Nchagwa wa Kegonga anasoma sanaa katika chuo kimoja mjini Homa Bay. Kwao hakuna aliyejua kwamba kazi hiyo husomewa. Baba yake alidhani mtoto anasomea kupaka nyumba rangi, akaridhika, maana nyumba zipo. Chuoni nako hakuwa na sifa kubwa. Mwalimu wake, Bi. Lorine, mwanamke wa Mbita asiyemung'unya maneno, alikuwa amechoshwa na michoro yake ya machweo.

"Zablon, jua kuingia kwa ziwa mimi naona kila siku, sihitaji unichoree," alimwambia mbele ya wenzake. "Maonyesho ya chuo ni ya haki za jamii. Leta kitu unajua, ama usilete kitu."

Kitu alichokijua Zablon kilikuwa kisa cha Mama Boke, mjane wa baba yake mdogo. Matanga yalipokwisha tu, Machuki, kaka mkubwa wa marehemu, aliwaswaga ng'ombe wote wa ndugu yake mpaka zizini kwake, akisema mwanamke hana zizi. Alimkosa mmoja, mtamba mwekundu ambaye marehemu alikuwa amemweka kwa rafiki yake kule Ogwedhi, kama Wakuria wafanyavyo tangu zamani, ili wezi au ugonjwa ukija usimalize mali yote mahali pamoja. Machuki alijua yupo mahali fulani. Mwaka mzima aliuliza, akatisha, akabembeleza, asiambulie kitu. Ng'ombe huyo ndiye angempeleka Boke, binti wa mjane huyo, sekondari. Bila yeye, mume alikuwa ameshatafutwa, na Boke hajatimiza miaka kumi na mitano.

Zablon aliambiwa siri hiyo kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, na kwa kuwa aliuliza kwa upole. Mama Boke alimpeleka Ogwedhi siku ya mnada, watu wakiwa wengi kiasi kwamba hakuna wa kuuliza nani anakwenda wapi. Wakamkuta mtamba amekuwa ng'ombe kamili, tena ana mimba.

"Chora, lakini mimi nisionekane," Mama Boke alisema. "Ukinionyesha, umenimaliza."

"Mama, hakuna mtu atakujua. Haki ya Mungu."

Na ahadi aliitimiza. Alimpa uso wa mwanamke asiyekuwepo duniani, akamwongezea umri, akambadilishia hata leso. Alijisifu moyoni kwamba yeye ni msanii mwenye utu. Kisha akamchora ng'ombe, na ng'ombe alimchora kama alivyomwona: mwekundu, baka jeupe begani, sikio la kushoto limekatwa ncha na kupasuliwa chini, ule mkato wa familia yao. Nyuma yake akaweka josho la mifugo la pale Ogwedhi lenye ukuta uliobomoka upande mmoja, kwa sababu lilikaa vizuri kwenye picha. Chuoni alifundishwa kwamba mtu hutambulika kwa uso. Kwao Kegonga hata mtoto mdogo hutazama kwanza sikio la ng'ombe, ndipo amsalimie mwenyewe. Zablon alilijua hilo kabla hajajua kusoma, akalisahau kwa kuipenda picha yake.

Picha ilishinda kwenye maonyesho. Alipewa kipaza sauti, akasema sanaa ni sauti ya wasio na sauti, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Uongo mtupu. Mama Boke alikuwa na sauti. Aliamua kunong'ona, na sababu alikuwa nayo. Zablon akaiweka picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, pongezi zikamiminika. Machuki aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka sikio likajaa kioo cha simu.

Baada ya siku chache Zablon aliitwa nyumbani kwa sherehe yake. Baba mkubwa Machuki, yule yule mkono wa birika, amechinja! Hapo mtu mwenye akili angeshtuka, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Boke alimnawisha mikono bila kumtazama. Zablon akala, akaongezewa, na alipokuwa anatafuna mfupa Machuki akasimama na kumshika bega.

"Huyu kijana yetu amesoma kweli. Mwaka mzima mimi natafuta hii ng'ombe ya Mama Boke. Yeye amenichorea mpaka josho."

Wanaume wakacheka. Zablon, nyama ingali mdomoni, akauliza kwa nini asimweke zizini na wenzake, ng'ombe mwenye mimba.

"Ng'ombe ya zizi mtu anaipeleka kwa chifu, inarudishwa," Machuki alimjibu. "Yenye imeliwa haina kesi. Na wewe umekula. Sasa utakuwa shahidi ya nani?"

Zablon alimeza. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba angeweza kutema.

Alimwendea Mama Boke, akamkuta nje anapukuchua mahindi, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nitamchora Machuki mwenyewe, na jina lake niandike. Dunia yote itajua."

Mama Boke hakumtukana, na ingekuwa afadhali. Aliendelea na mahindi yake.

"Dunia ilijua, Zablon," alisema. "Ikakuja Ogwedhi na kamba."

Boke aliozwa ng'ambo ya mpaka kabla shule hazijafunguliwa. Mwezi huo huo Zablon alialikwa Kisumu na picha yake, awaeleze wageni jinsi sanaa inavyowatetea wajane. Alimweleza Bi. Lorine kila kitu, akilia. Bi. Lorine akamwambia aamue mwenyewe, yeye si mama yake. Siku kadhaa Zablon hakulala, alisali, aliapa kwamba hataigusa tena brashi. Kisha akapiga shati pasi, akaifunga picha vizuri kwa gunia isije ikakwaruzika njiani, akaenda.