Vibanda Vipya vya Mjomba

Nilipopata kibarua kwenye mradi wa kukagua hali ya bonde la mto wetu, miaka ya tisini, kalamu ilinipanda kichwani. Mtoto wa Malinyi, kidato cha nne mkononi, natoka Ifakara ndani ya Landrova na fomu mapajani! Kila tulipofika tulijaza: nyasi zikoje, maji yakoje, wanyama gani wameonekana, na kama kuna makazi, ni ya zamani au mapya.

Kiangazi kile tulifika kwenye kambi ya uvuvi ya mjomba wangu, kaka yake mama. Nilimpa shikamoo ya harakaharaka, mkuu wetu asije akadhani nimekuja kutembelea ndugu. Mjomba hakujali. Alitukalisha mkekani, akatuwekea kambale wa kuchoma, kisha akatusomea bonde kwa namna yake: pale kwenye matete mazito samaki wanazaliana, hatutegi; sheshe, wale swala wa bondeni, wakinywa maji upande huu bila kushtuka, mwaka ni mzuri. Niliona aibu. Fomu haikuwa na nafasi ya maneno kama hayo.

Mkuu alivitazama vibanda. Matete ya kuta zake yalikuwa bado na ukijani.

"Makazi haya ni mapya, siyo?"

Nilijua ukweli. Kila masika mto hufurika na kuzoa vibanda, na kila kiangazi watu hurudi kujenga palepale, tangu enzi za babu zake mjomba. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye kibanda cha namna hiyo. Lakini kuyaeleza hayo kungenifanya mtoto wa kambini, nami nilitaka kuonekana mtaalamu. Nikatia alama ya vema kwenye "mapya".

Kabla ya mvua ikaja barua: walioingia bondeni karibuni waondoke. Nilitumwa mimi kuipeleka, kwa kuwa naijua njia. Mjomba aliniomba nimsomee.

"Nani kawaambia sisi ni wageni?"

"Mimi, mjomba."

Aliuweka chini wavu aliokuwa akiushona.

"Si ulizaliwa hapa wewe?"

Nilitamani anitukane. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, nami nilikuwa nimeukataa hata mkeka niliolishiwa. Nilimrudia mkuu, nikamsihi arekebishe ile fomu. Akasema ripoti imeshakwenda.

Mto ulifurika, ukavizoa vibanda kama kawaida yake. Mjomba alihamia Michenga kwa binti yake, akalima mpunga bila kuupenda, na mtumbwi wake ukapasuka kwa jua nyuma ya nyumba.

Kiangazi kilichofuata tulirudi kukagua. Matete yalikuwa yamefunga kila mahali, na pale palipotandikwa mkeka wetu palikuwa na nyayo za sheshe. Mkuu alifurahi sana, akasema hali imeimarika. Kisha akaniuliza kuhusu makazi.

Nikatia vema kwenye "hakuna", na safari hiyo sikukosea.