Mkuu wa shule apanda kiti, soksi yafundisha fizikia

Saa nne kasorobo asubuhi, mkuu wa shule anakalia kiti chake cha ofisini, kile chenye magurudumu, ila leo kiti hakiko ofisini. Kiko kwenye korido, kimezungukwa na kidato cha nne, na vijana wawili wamekishika mgongoni huku wakijibana wasicheke.

Mkononi Mkuu ana soksi iliyojazwa mchanga na kufungwa fundo.

"Madamu, nikianguka je?"

"Ukianguka, Mkuu, hiyo ni mada ya wiki ijayo," anajibu mwalimu wa fizikia.

Wanafunzi humwita Madamu Rusha. Kurusha na kudaka alifundishwa utotoni na kaka yake mwanasarakasi, pale pale sebuleni kwao, mpaka mama yao akaficha vikombe vyote. Sasa ana miaka thelathini na mitatu, anachezesha mipira mitano hewani, anaendesha baiskeli ya gurudumu moja, na akienda kusalimia nyumbani, vikombe bado vinafichwa.

Mwaka jana, kati ya wanafunzi wake arobaini, sita tu ndio waliofaulu fizikia.

"Walikariri fomula kama namba ya simu ya mtu wasiyemjua," anasema. Ndipo akaleta soksi darasani.

Mkuu, mwalimu wa historia kwa taaluma, hakupendezwa. Jana alitoa tamko: atakuja kujionea, na asiporidhika, soksi na baiskeli vitafungiwa stoo.

Swali la leo ni moja. Mtu aliye kwenye kiti kinachokwenda akirusha soksi juu wima, itaangukia wapi?

"Nyuma yangu," Mkuu alijibu bila kusita. "Mimi si nitakuwa nimeshapita?"

"Basi panda tuone," Madamu alimwambia, naye akapanda.

Kiti kinaondoka. Kwa hofu ya kuiacha soksi nyuma, Mkuu anaisukumia mbele kidogo. Soksi inamtangulia, inagonga mlango wa ofisi ya walimu. Mwalimu wa jiografia anachungulia, anamwona bosi wake anakuja kwa magurudumu, anafunga mlango taratibu.

"Umeionea huruma, Mkuu," anasema binti mmoja ambaye muhula uliopita alitaka kuacha fizikia. "Usiisaidie. Ikiwa mkononi mwako, tayari inakwenda mbele na wewe. Ukiirusha juu haisahau safari. Wewe rusha juu tu."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Soksi."

Wanarudi mwanzo wa korido. "Msisukume kwa pupa," Madamu anawaonya vijana. "Mwendo mmoja."

Soksi inapaa juu ya vichwa. Kiti kinateleza chini yake. Hakuna anayepumua, hata wasukumaji. Kisha, paf, imetua kiganjani mwa Mkuu.

Anaitazama soksi. Anatazama alikotoka.

"Tena," anasema.

"Mkuu, zamu yetu sasa."

"Nyinyi mna mwaka mzima."

Madamu Rusha ameegemea ukuta, anafuta machozi ya kicheko. Siku ya wazazi anataka kukatiza uwanja kwa gurudumu moja akirusha mipira, na wanafunzi wapige hesabu mapema kila mmoja asimame wapi ili adake. "Na mtihani ukifika," anasema, "nawataka wote arobaini."

Na stoo? Ufunguo anao Mkuu, ila kwa sasa hasikii la mtu. Anapita mbele ya ofisi yake kwa kasi, kiganja wazi, macho juu.